Mzizi wa Shabu, Nambari 212

Wembley, London
4 Machi 1988

Daktari Jaffar,

Hukutarajia barua hii, kwa hiyo nitajitambulisha kama inavyofanywa kwenye lebo za mimea: jina, mahali, tarehe. Mimi ni Kokila, dada yake Chaman, wa lile duka la Mwembetanga, Unguja. Nipo Wembley tangu 1967. Kwa miaka kumi na sita kazi yangu imekuwa kubandika mimea mikavu kwenye karatasi, katika jumba moja la hifadhi hapa London. Napaka gundi, nashona vikonyo kwa uzi, naweka lebo ya mkusanyaji chini upande wa kulia. Sina kawaida ya kuzisoma. Msimamizi wetu husema mbandikaji anayesoma lebo atastaafu kabla ya kumaliza rafu moja.

Jumanne iliyopita nilisoma. Nilifungua furushi lililoletwa kutoka chuo chenu cha Marekani mwaka 1969, likaandikwa daftarini, kisha likasahauliwa rafuni bila kubandikwa. Ndani mlikuwa na mmea wa miambani ambao Waingereza wanauita mzizi wa shabu, kwa sababu mzizi wake unakaza ngozi na kuzuia damu, kama shabu ya kinyozi. Lebo inasema ni aina ya mwituni ambayo haikuwa na jina, na kwamba wewe uliyeikuta umeipa jina la Chaman.

Nililiona jina la ndugu yangu kwa Kilatini, huku vidole vyangu vimejaa gundi.

Halafu nikasoma yaliyobaki. Milima ya Karolina ya Kaskazini. Mkusanyaji, wewe. Nambari 212. Tarehe 12 Januari 1964.

Naijua nambari hiyo. Mwaka 1969 watu wetu waliokimbilia London walikuwa wanaandika orodha ya waliouawa Unguja siku ile ya mapinduzi, na mimi nilisimama ukumbini mbele ya watu sitini nikasema kwamba nilisikia sauti yako kwenye mlango wetu wa nyuma. Firoz, aliyekuwa katibu, alikuandikia kukuuliza. Ulimjibu kwamba siku ile ulikuwa Marekani ukichuma mimea, na aje katika jumba hili atazame nambari 212. Firoz akaja, akafunuliwa daftari, akanakili tarehe, akarudi ukumbini kunisomea. Hakuna aliyejua kwa hakika uliondoka Unguja lini, hata mimi. Aliposhusha karatasi alisema, "Bi Kokila, msiba unakusikilizisha mambo." Watu wakanionea huruma. Tangu hapo nimekuwa yule mwanamke aliyetaka kumsingizia mtu damu. Mwenyewe pia niliamini. Mtu akikwambia masikio yako yana wazimu, utamsikiliza kwa masikio gani mengine?

Swali langu ni moja tu. Mmea huu una maua. Bua moja, maua thelathini na nane. Nimetazama vitabu: unachanua Juni, Julai, Agosti. Mwezi wa Januari milima ile ina theluji. Uliyapata wapi maua?

Kokila


Karolina ya Kaskazini
17 Machi 1988

Mpendwa Dada Kokila,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilidhani umehamia India. Nimefurahi kuwa u hai, na kwamba mikono yako inafanya kazi hii niipendayo. Unakumbuka mimi na Chaman tulivyokuwa tukikausha majani chini ya magunia ya mchele ya baba yenu, na baba akilalamika kwamba pilau linanuka mwarobaini?

Kuhusu tarehe, maelezo ni mepesi. Lebo zilipigwa chapa na karani wa idara, kijana mvivu ambaye baadaye aliondolewa. Bila shaka alichanganya karatasi mbili. Januari ile nilichuma majani matupu, na maua niliyachuma safari nyingine. Makosa ya namna hii yako mengi katika kila hifadhi duniani, nawe utakuwa umeyaona.

Nakuomba jambo dogo. Kabla hujaubandika mmea huo, uutie kwenye bahasha unirudishie. Nitaiondoa lebo hiyo na kuweka nyingine, na hapatakuwa na haja ya kumsumbua yeyote. Gharama ya posta ni juu yangu.

Chaman alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu. Ndiyo sababu ya jina.

Wako,
Jaffar


Wembley
29 Machi 1988

Daktari,

Nilikuwa tayari kukuamini. Nilikuwa nimeshachemsha chai, nimekaa kitini, tayari kuamini habari ya karani. Halafu nikafika pale unapotaka kuiondoa lebo.

Wewe ni mwalimu wa walimu, mimi ni mtu wa kupaka gundi. Lakini hata mimi nilifundishwa siku ya kwanza: lebo haiondolewi. Ikiwa na kosa, inaachwa na kosa lake, na pembeni yake hubandikwa kikaratasi cha masahihisho chenye jina la aliyesahihisha na tarehe. Anayetaka kung'oa lebo hatengenezi kosa. Anaficha.

Nikarudi kazini nikalitazama gazeti. Mmea wako ulikuja umekunjwa katika gazeti la mji wenu. Najua magazeti hubadilishwa mmea unapokauka. Ungeweza kuniambia kwamba mmea ulikuwa umeshakauka zamani, nawe ukauhamishia gazeti jipya. Lakini mmea mkavu hauachi alama, na mmea huu umeacha. Maji yake ni makali, yamepenya gazetini yakawa kahawia: kila jani, kila kikonyo, hata bua la maua, kama kivuli cha mtu ukutani. Ulikuwa mbichi ulipowekwa pale. Na gazeti ni la tarehe 10 Julai 1966.

Mwaka 1964 hukuchuma kitu. Jina la ndugu yangu umeliweka juu ya uongo.

Sasa sikiliza mimi nilichokikusanya. Mahali: Mwembetanga. Tarehe: 12 Januari 1964, Jumapili, saa tatu unusu asubuhi. Nilikuwa ghalani nyuma ya magunia ya sukari, Chaman amenisukumia huko na kuniwekea gunia tupu kichwani. Mtaa mzima ulikuwa unalia. Nilisikia jirani yetu muuza kahawa anakatwa, na nilijua ni yeye kwa sababu alikuwa anawaita wanaomkata kwa majina, kama alivyozoea kuwaita wateja. Chaman alikuwa ameegemeza meza mlangoni. Wangeuvunja, labda. Hawakuuvunja. Mtu aliita, "Chaman! Toka, mvua imekata!" Wito huo ulikuwa wenu wawili, wa kwenda kuchuma mimea. Nikasikia meza inasogezwa. Ndugu yangu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepata nafuu. Halafu panga. Linapoingia nyamani sauti yake si kubwa. Linapofika mfupani, ndiyo.

Niliziba masikio, nikabaki hivyo mpaka mchana. Nilipotoka alikuwa sakafuni karibu na mizani. Bega la kulia limefunguka, shingo imefunguka. Na ndani ya majeraha mlikuwa na chumvi. Chembe nyeupe zimeshindiliwa kwa nguvu, nyingine zimegeuka nyekundu. Walimtia chumvi angali hai, Jaffar. Kwa miaka ishirini na minne sijaweza kutia chumvi chakulani bila kwanza kufumba macho.

Nakupa hadi tarehe kumi na saba Aprili. Nijibu, ama nitampa Firoz gazeti hili.

Kokila


Karolina ya Kaskazini
13 Aprili 1988

Dada Kokila,

Niliita. Sauti uliyoisikia ni yangu. Masikio yako ni mazima, na mimi ndiye niliyekuambia yana wazimu.

Asubuhi ile nilitoka kwetu kuja kumchukua Chaman na wewe, mama alikuwa amekubali kuwaficha uvunguni. Pale kwenye kona ya kinyozi nilikutana na watu watano. Wawili nilicheza nao mpira. Mmoja alikuwa na panga lililolowa hadi mpinini, analifuta kwenye kanzu ya maiti. Akasema, "Huyu shoga yake Banyani. Banyani yumo ndani?" Nikasema wameshaondoka. Akaniuliza, "Sasa wewe unakwenda kumtembelea nani, kuku?" Wakacheka wote.

Walinilaza kifudifudi. Mmoja akanikalia mgongoni, wakanikata nusu ya sikio la kushoto, taratibu, kama mbuzi anayetiwa alama. Wakaniwekea kipande hicho mkononi. Wakasema linafuata la pili, kisha shingo. Waliniinua wakanisimamisha mlangoni kwenu, wao wamejibanza ukutani.

Ningeweza kunyamaza. Nimelifikiri hilo kila siku tangu hapo. Ningeweza kuita, "Usifungue." Yalikuwa maneno mafupi kuliko yale niliyoyasema.

Alifungua anacheka. Aliliona sikio langu, akanyoosha mkono kulishika. Panga la kwanza lilipita juu ya mkono huo likamfikia begani.

Walimwacha wakaingia kubeba khanga na sukari, wakagombana na kutukanana kuhusu redio. Nikabaki naye. Nilimfunga shati langu shingoni, damu ikapita. Nikakumbuka kopo la shabu kwenye rafu ya vitu vya vinyozi, la tatu kutoka kushoto. Niliimwaga kauntani nikaiponda kwa jiwe la mizani, nikaishindilia shingoni na begani kwa ngumi. Ikawa nyekundu, nikaongeza. Nikamaliza kopo. Yeye akaniambia, "Inachoma, Jaffar." Hakusema tena.

Haikuwa chumvi, Dada. Wale hawakumtia kitu. Ni mimi, na ilikuwa shabu.

Kisha walinikokota nje, na siku ya tatu nikavuka kwenda Dar es Salaam. Nilifika Marekani 1965. Mwalimu mmoja alitupeleka milimani, akatuonyesha mmea mdogo kwenye ufa wa jabali, akasema wenyeji wa zamani walikuwa wakisaga mzizi wake kuzuia damu. Wenzangu waliandika wakasogea. Mimi sikusogea. Nimeufanyia kazi mmea huo maisha yangu yote.

Barua ya Firoz ilipofika, niliogopa. Sehemu ya pili ya mmea ule, iliyobaki hapa chuoni, ina lebo yenye tarehe ya kweli, Julai 1966. Lebo niliyoituma London niliipigia chapa mimi mwenyewe, kwa sababu London ndiko watakakotazama watu wetu. Hapakuwa na karani mvivu. Nilimzulia hata uvivu.

Jumamosi tarehe 23 nitakuwa London. Nitakwenda kwanza dukani kwa Firoz nimwambie kwa mdomo wangu, kisha nitakuja popote utakaponiambia.

Jaffar


Wembley
18 Aprili 1988

Bwana Firoz,

Jaffar hakujibu. Nilimpa hadi jana.

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya ukurasa wa gazeti. Alama unazoziona ni za mmea ule uliousoma daftarini mwaka 1969. Mmea ulikuwa mbichi Julai 1966. Basi siku ile hakuwa Marekani akichuma mimea, na sauti niliyoisikia ilikuwa yake. Alimwita Chaman, wakafunguliwa mlango, wakaua, na wakatia chumvi kwenye majeraha ya ndugu yangu.

Ulinisimamisha mbele ya watu sitini. Wewe ulikuwa kijana na hukukusudia ubaya. Lakini nimeishi na huruma yao miaka kumi na tisa, na huruma ya namna ile ni kama kutemewa mate na mtu anayetabasamu.

Fanya unaloona linafaa.

Kokila


Edgware Road
25 Aprili 1988

Bi Kokila,

Mimi si mtu wa kuandika, ukatibu niliuacha zamani, siku hizi naandika bei ya maini tu. Lakini hili siwezi kukuambia kwa simu, mke wangu yuko sebuleni.

Jumamosi, saa nne asubuhi, bucha limejaa. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni tangu Jumatano, imeshaingia damu ya kondoo. Akaingia mtu mwembamba, mvi, koti zuri. Nikamwambia, "Karibu mzee, mbavu leo ni laini." Akasema, "Firoz, mimi Jaffar wa Mwembetanga. Nimekuja kukwambia kwamba ulisoma uongo wangu."

Kwa upole, Bi Kokila! Kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Na mkono wake kauweka juu ya gogo langu la kukatia.

Unajua baba yangu alitolewa kisimani siku ya nne, nami ndiye niliyeteremka kumfunga kamba. Nyama yake ilibaki mikononi mwangu. Tangu nifungue bucha sijamsimulia mtu hili. Nilikuwa na shoka la mifupa. Sikumbuki kuliinua. Nakumbuka sauti gogoni, na vidole viwili vimesimama peke yao kando ya mkono, kile kidogo na cha pete. Mama mmoja Msudani akapiga ukelele, mwingine akakimbia na kuku ambaye hajamlipia.

Yeye hakupiga kelele. Alipiga magoti, koti likapanda, nywele zikasogea, ndipo nikaliona sikio. Nusu. Limekatwa kwa chuma, mimi najua mkato wa chuma. Nikamuuliza, "Nani kakufanya hivyo?" Akasema, "Hao hao. Kabla sijaita." Nikaliacha shoka. Nilimfunga kwa aproni, nikakaza kwa kamba ya kutundikia mapaja, nikamkumbatia mpaka ambulansi ikaja. Tulikuwa tumekaa sakafuni kwenye damu, sijui ipi yake ipi ya ng'ombe, naye ananiambia habari za shabu.

Wale wa ambulansi walimuuliza. Akajibu Kiingereza chake cha chuo: alikuwa anaitazama mashine ya kusagia nyama, mkono ukaingia. Mashine yenyewe ilikuwa haijaunganishwa na umeme! Wateja wakageuka kutazama mbavu. Jana polisi wamekuja kuitazama, wamesema watarudi.

Ulisema nifanye ninaloona linafaa. Nimefanya, na usiku silali.

Ijumaa ijayo watu watakusanyika ukumbini kwa harusi ya binti wa Mansukh. Nitasimama pale pale nilipokusimamisha, niseme kwamba masikio yako yalikuwa mazima. Wakitaka kunizomea, wanizomee.

Firoz


Hospitali, London
1 Mei 1988

Dada Kokila,

Hii ni hati ya mkono wa kushoto, nisamehe. Vidole havikurudi. Daktari ananiuliza mashine ilikuwa ya aina gani, nami nazidi kuibuni, sasa ina magurudumu.

Barua yangu uliipata? Muuguzi anasema barua za Marekani siku hizi zinachelewa.

Sitaki Firoz afungwe. Hilo tu. Lebo fanya utakavyo.

Jaffar


Wembley
11 Mei 1988

Jaffar,

Barua yako ya tarehe kumi na tatu ilifika tarehe ishirini na sita, siku tatu baada ya shoka, saa moja kabla ya barua ya Firoz. Nilizisoma kwa mpangilio huo, nikiwa na koti mwilini. Nilimwambia Firoz chumvi. Kama ningemwambia shabu, labda mkono ungesita. Labda usingesita. Vidole viwili hivyo mimi nimo ndani yake, na nataka ujue kwamba najua.

Sikusamehe kwa kuita. Nimejaribu, kwa siku kumi na tano, kama mtu anayejaribu kiatu cha utotoni. Ulikuwa na panga shingoni, nami nilikuwa na gunia kichwani, na ni Chaman peke yake aliyenyoosha mkono kumshika mwenzake. Lakini kuna jambo ulinipa bila kukusudia. Mimi niliamini alikufa peke yake, na watu wa mwisho kumgusa walimgusa kwa ajili ya kumtesa. Sasa najua aliyemshindilia dawa majerahani alitaka kumwokoa, na kwamba Chaman alilitaja jina la mtu. Jana nilipika dengu. Nilitia chumvi macho wazi.

Firoz alisimama harusini, baada ya chakula, kabla ya picha. Aliposema jina langu wanawake wawili walihama viti vyao wakaja kukaa karibu nami. Mmoja alinimenyea chungwa.

Mmea nimeubandika. Bua nimelishona sehemu nne, majani nimeyaacha yaonekane juu na chini, na gazeti nimelikunja ndani ya bahasha nyuma ya karatasi, alama na tarehe yake vikiwa juu. Lebo yako iko pale pale, sikuigusa. Pembeni yake nimeweka kikaratasi cha masahihisho. Wabandikaji haturuhusiwi kuandika, hiyo ni kazi ya wataalamu, lakini nastaafu Septemba, nao wanitafute Wembley. Nimeandika hivi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili:

"Tarehe si ya kweli. Mmea huu ulichumwa Julai 1966. Tarehe 12 Januari 1964 mkusanyaji alikuwa Mwembetanga, Unguja, mlangoni kwa Chaman. Kokila, dada wa Chaman, aliyesikia."

Polisi alikuja hapa juzi, kijana mwekundu wa mashavu, kofia kaiweka magotini. Amesikia kwamba mimi nawajua nyote wawili. Daftari la hospitali linasema mashine, na mashine haina hata chembe ya damu. Akaniuliza kama nimewahi kusikia kwamba kulikuwa na ugomvi kati yako na Firoz.

Nikamwambia mimi ni mzee, masikio yangu hayaaminiki, na kama ana shaka awaulize watu wetu. Jambo hilo liliandikwa hata kwenye kumbukumbu za mkutano, mwaka 1969.

Aliliandika kwenye daftari lake, akanywa chai, akaenda.

Kokila